Mzee Maruge: Mwanafunzi wa miaka 84 aliyekataa kusomewa na wengine

WAHENGA walinena kwamba samaki hukunjwa angali mbichi, na kwa miaka mingi methali hiyo imetumiwa kumfungia mlango mtu mzima ambaye hakubahatika kuketi darasani utotoni. Huambiwa kwamba wakati wake umepita na kwamba kilichosalia ni kuwasomesha watoto na wajukuu. Yeye mwenyewe hubaki akiweka alama ya kidole gumba mahali ambapo wenzake hutia sahihi.

Marehemu Mzee Kimani Ng'ang'a Maruge hakukubali kufungiwa mlango huo. Mnamo Januari 12, 2004, akiwa na umri uliokadiriwa kuwa miaka 84, aliandikishwa katika darasa la kwanza la Shule ya Msingi ya Kapkenduiywo, mjini Eldoret, akaketi pamoja na watoto waliotosha kuwa vitukuu vyake. Kitabu cha rekodi za dunia cha Guinness kilimtambua kuwa mtu mwenye umri mkubwa zaidi kuwahi kuanza masomo ya shule ya msingi.

Ingawa jina lake lilivuma kutoka Eldoret, Mzee Maruge amelala katika ardhi ya Nakuru. Msafiri anayetoka mtaa wa Rhonda, magharibi mwa jiji la Nakuru, hupita katikati ya mji, akashika barabara ya Nyahururu, akapita Bahati na kuteremka katika bonde la Subukia. Huko ndiko alikokuwa na shamba, na huko ndiko alikozikwa mwaka 2009.

Habari zake zimesimuliwa mara nyingi kama kioja. Picha ya mzee mwenye kaptura, soksi ndefu na sweta ya shule, amebanana na watoto kwenye dawati, ilizunguka dunia nzima na walioitazama walitabasamu. Lakini kisa chake kina uzito kuliko picha hiyo. Mzee huyu hakuingia shuleni kutafuta sifa, na cheti hakingemfaa kitu katika umri ule. Alikuwa na mambo mawili aliyotaka kuyafanya kwa macho yake mwenyewe, bila mtu wa kati.

La kwanza lilikuwa Biblia. Kwa muda mrefu alikuwa amesomewa Maandiko na wahubiri, naye akaingiwa na shaka kwamba huenda waliyokuwa wakiyahubiri hayakulingana na yaliyoandikwa. Asingeweza kuwasahihisha wala kuwaamini kikamilifu mpaka ajisomee.

La pili lilikuwa fedha. Uvumi ulikuwa umeenea kwamba wapiganaji wa zamani wa Mau Mau wangelipwa fidia. Mzee Maruge, aliyekuwa mmoja wao, alitaka siku hiyo ikifika aweze kuzihesabu fedha zake mwenyewe ili asipunjwe.

Ili kuelewa ni kwa nini mambo hayo mawili yalimkaa rohoni kwa kiasi hicho, sharti kurejea nyuma hadi enzi alimozaliwa.

Tarehe yake ya kuzaliwa haikuandikwa popote, kama ilivyokuwa kwa wengi wa kizazi chake. Mwaka unaotajwa ni 1920, na huo ndio mwaka ambao nchi hii ilitangazwa rasmi kuwa koloni la Kenya chini ya mfalme wa Uingereza. Wakati huo pia ndipo mwanamume Mwafrika alipoanza kulazimishwa kubeba kipande, hati yenye alama za vidole vyake pamoja na habari za kazi alizofanya. Wengi waliitundika shingoni ndani ya kijikebe cha chuma.

Kipande kiliandikwa na mwajiri na kukaguliwa na askari. Aliyekibeba, mara nyingi, hakuweza kusoma hata neno moja la yale yaliyoandikwa kumhusu. Kizazi cha Mzee Maruge kilijua tangu mapema kwamba maandishi ni mamlaka, na kwamba asiyejua kusoma huishi chini ya mamlaka ya anayejua.

Katika Bonde la Ufa hali ilikuwa ngumu zaidi. Mashamba makubwa kuanzia Naivasha, Nakuru, Njoro na Subukia hadi Uasin Gishu yalikuwa mikononi mwa walowezi wa Kizungu. Familia za Waafrika ziliishi humo kama maskwota, zikitoa jasho lao ili ziruhusiwe kulima kijisehemu na kufuga mifugo michache. Mtoto wa skwota alikuwa nguvukazi kabla ya kuwa mwanafunzi, na shule zilikuwa chache mno.

Wagikuyu walijaribu kuziba pengo hilo kwa kuanzisha shule zao za kujitegemea, hasa baada ya mzozo wao na wamishonari mwaka 1929. Shule hizo zilienea hadi Bonde la Ufa. Hata hivyo, serikali ya kikoloni ilipotangaza hali ya hatari mnamo Oktoba 20, 1952, ilizifunga kwa madai kwamba zilikuwa zikipanda mbegu za uasi.

Wakati huo Maruge alikuwa mtu mzima wa miaka thelathini na ushei, ambaye hakuwa amepata shule yoyote. Aliingia katika vita vya Mau Mau kupigania ardhi na uhuru. Hali ya hatari ilidumu hadi mwaka 1960, na katika kipindi hicho maelfu kwa maelfu ya watu walitiwa vizuizini, wakahojiwa na kuteswa. Waliotoka hai walirudi wakiwa na makovu, nao aghalabu wakakuta ardhi waliyoipigania imekwisha kugawanywa.

Uhuru ulipopatikana mwaka 1963, serikali mpya iliwatangaza maadui watatu wa taifa kuwa ujinga, umaskini na maradhi. Mwaka 1974 karo ilifutwa kwa madarasa manne ya kwanza, ingawa muda si muda wazazi walijikuta wakitozwa michango ya majengo iliyowashinda wengi. Mwaka 1979 ilianzishwa idara ya elimu ya watu wazima, na masomo ya ngumbaru yakapigiwa debe kote nchini. Kisha ikaja miaka ya kugawana gharama, na mzigo wa shule ukarudi mabegani mwa wazazi.

Miongo hiyo yote ilimpita Mzee Maruge akiwa mume, baba na baadaye babu wa wajukuu 30. Mkewe alitangulia mbele ya haki. Kiu ya kusoma haikumtoka, ila hapakuwa na mtu aliyeiuliza.

Mambo yalibadilika Januari 2003. Serikali mpya ya Rais Mwai Kibaki ilitimiza ahadi yake ya kutoa elimu ya msingi bila malipo. Idadi ya wanafunzi katika shule za msingi ilipanda kutoka takriban milioni 5.9 hadi milioni 7.2 katika mwaka huo mmoja. Watoto walijaa madarasani hadi wengine wakaketi sakafuni, na walimu wakajikuta mbele ya umati badala ya darasa.

Katika msongamano huo ndipo Mzee Maruge alipojitokeza. Mwalimu mkuu wa Kapkenduiywo, Bi Jane Obinchu, hakumpokea mara moja. Si vigumu kuelewa sababu. Dawati lililotengenezewa watoto wawili au watatu lilikuwa likibeba zaidi ya hao, na mzee aliyetembea kwa mkongojo alikuwa akiomba nafasi ambayo ingemfaa mtoto mwenye maisha yote mbele yake. Isitoshe, masomo ya ngumbaru yalikuwepo kwa ajili ya watu wazima.

Mzee naye alikuwa na hoja yake. Serikali ilikuwa imetangaza elimu ya msingi kwa wote, na hakuona ni kwa nini tangazo hilo limwache nje yeye aliyeinyimwa elimu hiyo tangu utotoni. Alikataliwa, akarudi tena. Hakuja kwa kelele wala kwa kudai heshima ya umri wake. Alikuja amevaa sare, kwa kuwa sare ndiyo sharti la mwanafunzi. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na kwa mtu wa miaka 84 kuinama huko kulikuwa kwa mwili na kwa hadhi pia.

Bi Obinchu alishawishika, akamfungulia mlango na kusimama upande wake. Uamuzi huo haukuwa mwepesi kwake, lakini bila yeye taifa lisingalijua jina la Maruge.

Darasani, mzee hakupewa njia ya mkato. Alianza pale walipoanzia wengine wote, kwenye irabu na tarakimu. Mikono iliyozoea jembe na panga ilibidi ijifunze kushika penseli bila kuivunja na kufuata mstari bila kuupita. Wajukuu wake wawili walisoma katika shule hiyo hiyo, hivyo kila asubuhi babu na wajukuu waliingia lango moja wakiwa na vitabu vyao.

Jambo la kustaajabisha si kwamba alianza, kwa kuwa wengi huanza. Alidumu. Msisimko wa waandishi wa habari ulipotulia na wapiga picha kuondoka, bado alionekana darasani. Alifanya mitihani na kupanda madarasa. Mwaka 2005 wanafunzi walimpata akiwa kiranja wao mkuu, cheo ambacho wakati huo katika shule nyingi za msingi kilipewa kijana wa darasa la nane.

Septemba mwaka huo, Mzee Maruge alipanda ndege kwa mara ya kwanza maishani mwake. Alisafiri hadi New York, Marekani, wakati viongozi wa dunia walipokutana katika Umoja wa Mataifa kutathmini Malengo ya Maendeleo ya Milenia. Ujumbe aliopeleka ulikuwa mmoja: elimu ya msingi itolewe bila malipo kwa kila mtoto. Wakati huo watoto takriban milioni 100 ulimwenguni walikadiriwa kuwa nje ya shule, wengi wao kwa sababu ya karo.

Mtu ambaye rika lake liliburura kipande shingoni sasa alikuwa na pasipoti, na aliweza kulisoma jina lake ndani yake.

Safari hiyo ingaliweza kuwa kilele cha kisa chake. Lakini mtihani mkubwa zaidi ulimsubiri nyumbani.

Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, nchi ililipuka. Bonde la Ufa ndilo lililoumia zaidi. Karibu na Eldoret, watu zaidi ya 30 waliokuwa wamekimbilia kanisa la Kiambaa waliteketezwa kwa moto mnamo Januari 1, 2008. Mwishoni mwa mwezi huo machafuko yaliingia Nakuru, yakatikisa mitaa yake ya magharibi, na uwanja wa maonyesho wa Nakuru ukageuka makao ya waliofukuzwa makwao. Kufikia wakati mapatano yalipotiwa sahihi Februari 28, watu zaidi ya 1,100 walikuwa wameuawa nchini na wengine laki kadhaa wameachwa bila makao.

Mzee Maruge alikuwa miongoni mwa walioachwa bila makao. Mali yake iliibwa, akaishia kambini na wakimbizi wengine wa ndani. Aliwahi kufikiria kuacha shule, na hakuna ambaye angemlaumu. Badala yake aliendelea kwenda darasani, umbali wa kilomita 4 hivi kutoka kambini, akiwa na umri wa miaka 88.

Hapo ndipo penye funzo gumu la maisha yake. Waliopanga siasa za chuki zilizomtoa nyumbani walikuwa watu waliosoma, wengine wakiwa na shahada. Mzee wa darasa la msingi alikuwa akitembea kuelekea shuleni katikati ya magofu yaliyosababishwa na wenye elimu. Kisomo peke yake, basi, hakimfanyi mtu kuwa bora. Humpa uwezo, na ni juu yake kuutumia kwa wema au kwa uovu.

Juni 2008 ilibidi aondoke Eldoret. Alihamia Nairobi, akapata hifadhi katika nyumba ya wazee ya Cheshire, eneo la Kariobangi. Wengi walidhani kwamba masomo yake yameishia hapo. Mnamo Juni 10, 2008, aliandikishwa upya, safari hii katika darasa la sita la Shule ya Msingi ya Marura.

Mwili sasa ulikuwa umechoka. Saratani ya tumbo ilikuwa ikimla taratibu. Hata hivyo, lile jambo la kwanza lililompeleka shuleni lilifikia tamati yake. Mnamo Mei 24, 2009, Mzee Maruge alibatizwa katika Kanisa Katoliki la Holy Trinity, Kariobangi, akachagua jina la Stephen. Mtu aliyeanza kusoma kwa sababu aliwashuku wahubiri alipokea ubatizo baada ya miaka mitano ya kujifunza. Imani aliyoikiri siku hiyo hakuikiri kwa kutegemea macho ya mtu mwingine.

Jambo la pili halikumfikia. Mnamo Juni 2009, Wakenya watano wazee walifungua kesi dhidi ya serikali ya Uingereza katika mahakama kuu ya London, wakidai haki kwa mateso waliyopata wakati wa hali ya hatari. Majuma machache baadaye, Agosti 14, 2009, Mzee Maruge aliaga dunia jijini Nairobi. Alikuwa na miaka 89 hivi. Mwili wake ulirejeshwa Subukia, ukazikwa shambani kwake.

Kesi ya London ilichukua miaka minne. Mnamo Juni 2013 Uingereza ilieleza masikitiko yake na kukubali kulipa pauni milioni 19.9, fedha zilizohusu walalamishi 5,228. Siku ambayo mzee alijiandaa kwa ajili yake, akijifunza kujumlisha na kutoa miongoni mwa watoto, ilifika akiwa kaburini. Wala hakuwahi kufanya mtihani wa KCPE, uliokuwa kilele cha elimu ya msingi hadi ulipofanywa kwa mara ya mwisho mwaka 2023.

Ikiwa elimu hupimwa kwa vyeti na malipo, basi Mzee Maruge alitoka mikono mitupu. Lakini kipimo hicho hakimfai. Kwa zaidi ya miaka 80 aliishi akisomewa: kipande, amri za serikali, Maandiko, hati na hesabu. Miaka mitano ya mwisho aliishi akisoma. Tofauti kati ya hali hizo mbili ndiyo aliyoitafuta, na aliipata.

Mwaka mmoja baada ya kifo chake, filamu iitwayo The First Grader, iliyoongozwa na Justin Chadwick, ilisimulia maisha yake. Mwigizaji Mkenya Oliver Litondo aliigiza nafasi ya mzee, naye Naomie Harris wa Uingereza akawa Bi Obinchu. Filamu hiyo ilionyesha pia mateso ya vizuizini, na kwa watazamaji wengi wa ng'ambo hiyo ilikuwa mara yao ya kwanza kusikia habari hizo.

Alama aliyoiacha karibu na nyumbani ni kubwa kuliko filamu. Huko Ndalat, katika Kaunti ya Nandi, Bi Priscilla Sitienei, mkunga wa jadi aliyezaliwa takriban mwaka 1923, naye alivaa sare na kuingia shule ya msingi, akasoma pamoja na watoto ambao baadhi yao aliwapokea kwa mikono yake walipozaliwa. Alitaka kusoma Biblia na kuandika maarifa yake ya ukunga na miti shamba ili yasipotee. Alifariki Novemba 2022 akiwa na miaka 99, bado mwanafunzi.

Wazee hawa wawili hawakuwa wa pekee katika hitaji lao. Utafiti wa kitaifa kuhusu kisomo cha watu wazima uliofanywa mwaka 2006, wakati Mzee Maruge akiwa darasani, ulionyesha kwamba ni asilimia 61.5 tu ya Wakenya wazima waliokuwa na kiwango cha chini cha kujua kusoma na kuandika. Waliosalia walikuwa takriban watu milioni 7.8. Kila mmoja wao alikuwa na waraka fulani aliohitaji kusomewa na mwenzake: barua ya chifu, hati ya shamba, maagizo ya dawa, ripoti ya mtoto kutoka shuleni.

Ndiyo maana kaburi la Subukia linawahusu watu wa Rhonda na Kaptembwa, na wa kila mtaa ambamo mzazi huamka alfajiri kwenda kutafuta kibarua ili mwanawe asome. Mzazi huyo amezoea kujihesabu kuwa ngazi ya kupandia wengine. Hilo ni jema, lakini Mzee Maruge aliongeza jambo moja juu yake: kwamba mwenye kuwasomesha wengine naye ana haki ya kujua. Alikuwa na wajukuu shuleni, na hakuona kwamba kusoma kwao kulimwondolea yeye haja ya kusoma.

Samaki mkavu akikunjwa huvunjika, na methali hiyo ni kweli kwa samaki. Mtu wa Subukia alikunjwa na ukoloni, na vita, na umaskini, na machafuko, kisha na maradhi. Hakuvunjika, na alipofariki alikuwa bado ameandikishwa shuleni.